Maswali yenu: Leta (serikali) inapobana matumizi, mfanyakazi aseme nini?

*Shefu wa divizyoni yetu hapa Lubumbashi ametaka kila biro ilete mawazo ya kupunguza matumizi kabla mwezi haujaisha. Wenzangu wanasema tukinyamaza watakata primi (posho) zetu, na tukisema watachukua mawazo kisha wakate primi vilevile. Tuanzie wapi? – Fonksionere, Kampemba*

Hofu ya wenzako ina msingi. Kwa hiyo kabla ya kutoa wazo hata moja, ombeni jibu la maandishi kwa swali hili: pesa itakayookolewa itakwenda wapi? Mazuti (dizeli) yasiyonunuliwa mwaka huu huonekana mwaka ujao kama mazuti ambayo hamkuyahitaji, na bajeti inakatwa papo hapo. Pendekezeni sehemu maalumu, tuseme nusu, ibaki kwenye huduma kwa karatasi na matengenezo, na iandikwe kwenye prosè-verbali (kumbukumbu za mkutano) yenye saini za shefu na delege wa sendika (mwakilishi wa chama cha wafanyakazi). Mwenye kukataa kuandika hilo amekwisha kuwajibu.

Baada ya hapo, hesabuni. Mikutano mingi ya namna hii hufa kwa sababu wafanyakazi huja na maneno na shefu huja na fakture (ankara). Chukueni daftari moja, wiki nne, mistari minne: saa ya kuwasha jenereta, saa ya kuzima, lita zilizotiwa, kazi iliyofanyika wakati huo. Asiliweke mtu mmoja tu. Anayeshika ufunguo wa mazuti asiwe ndiye anayeandika.

Tuchukue mfano wa jenereta yenye nguvu ya kVA 20 inayowashwa saa 6 kwa siku kwa sababu ya delestaji (umeme kukatwa kwa zamu), ikibeba kompyuta tano na taa. Kwa mzigo mdogo hivyo itakunywa kama lita 2 kwa saa. Siku 22 za kazi ni saa 132, yaani lita 264 kwa mwezi. Kazi nzito zote, kuchapa, kutoa kopi na kuchaji kompyuta za mkononi, zikikusanywa ndani ya saa 2, mzigo unapanda na matumizi yanafika kama lita 3 kwa saa. Hata hivyo saa zimekuwa 44, na mazuti lita 132. Ni nusu kamili. Isitoshe, injini ya dizeli inayozunguka muda mrefu bila mzigo wa kutosha haichomi mafuta vizuri: masizi yanajaa kwenye bomba la moshi na mafuta mabichi yanavuja huko. Na oili inayobadilishwa kila saa 250 itadumu zaidi ya miezi mitano, wakati zamani haikumaliza miwili. Hakuna mkaguzi kutoka Kinshasa atakayeliona hilo. Analiona anayewasha.

Kwenye mkutano pelekeni mapendekezo matatu tu, kila moja na gharama ya sasa, gharama mpya, na jambo linalosahauliwa kila mara: nani atabeba mzigo uliotuliwa. Biro ikiacha kununua karatasi na raia akaambiwa aje na rama (pakiti ya karatasi) yake, hapo hamjaokoa kitu. Mmehamisha fakture kutoka mfuko wa Leta hadi mfuko wa mama anayetafuta hati ya mtoto. Ombeni majaribio ya miezi mitatu, kisha mrudi na daftari lile lile.

*Tuache kuzungukazunguka. Watu ni wengi mno katika kazi za Leta. Si wapewe pesa zao waende? – Mama wa Ruashi*

Mama, mji wetu umekwisha kulijaribu hilo. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya Leta ya madini, iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi, na mtu mwenye njaa hachagui: hiari ile ilikuwa ya jina. Madai ya waliotoka kuhusu hesabu zao za mwisho yaliendelea miaka mingi baadaye. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio. Deni la mishahara na pesa ya kuondoka ni vitu viwili, na vikitiwa kwenye bahasha moja hakuna anayejua alilipwa nini. Sendika idai karatasi mbili, na mtu apewe siku za kuzisoma kabla ya saini.

Kasoro nyingine ni kwamba anayeondoka kwanza ni yule anayeweza kupata kazi kwingine: fundi, mhasibu. Mwaka unaofuata anarudi kama konsilta, kwa bei ya juu.

Na tafadhali, msichanganye sheria. Kampuni hutawaliwa na Kodi ya Kazi (Code du travail, yaani sheria ya kazi) ya 2002. Ajenti wa karia wa Leta, yaani mtumishi wa kudumu wa umma, yuko chini ya sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016. Delege anayetaja Kodi ya Kazi kumtetea ajenti wa karia anashindwa kwenye ukurasa wa kwanza.

*Na majina hewa kwenye listi ya malipo? Hiyo si ndiyo akiba kubwa? – Mwalimu, Katuba*

Ndiyo. Mwanzoni mwa 2023 IGF, ukaguzi mkuu wa fedha wa Leta, ilitaja majina 145,604 yenye matrikule (namba za utumishi) yasiyo sahihi au ya kubuni, na 53,328 yaliyotumia matrikule ya watu wengine. Lakini kufuta kwa kompyuta pekee kunaumiza wasio na hatia, maana tarakimu moja iliyokosewa humfanya mwalimu halisi kuwa hewa. Shuleni kwenu linganisheni listi deklarativi (orodha ya walimu ambayo shule hupeleka kwa ajili ya malipo) na watu wanaoonekana darasani, kisha mpange mafungu matatu: wasiojulikana na yeyote, waliokufa au kustaafu, na waliopo lakini wenye kasoro ya jina au namba, pamoja na wagonjwa na waliotumwa kazini kwingine. Fungu la tatu lisahihishwe kwanza, kabla jina lolote halijafutwa. Peleka nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa. Msibandike majina ukutani. Ugomvi wa mtaani utameza kazi yote. Na ombeni pesa itakayopatikana iwalipe kwanza walimu wanaofundisha bila mshahara.

*Toni za printa (wino wa unga) za kujaza upya zinaokoa kweli? – Sekretere, Kamalondo*

Mara moja au mbili, ndiyo. Baada ya hapo silinda ya ndani imechakaa, unga unavuja, na kila barua inachapwa mara mbili. Andika idadi ya kurasa kwenye kila katriji. Iliyojazwa ikitoa chini ya nusu ya kurasa za mpya, bei yake nafuu imekwisha liwa na karatasi.