Chumba cha mawe: shughulikia ukuta kwanza, mapambo yatafuata

Ndugu uliyeuliza namna ya kukipendezesha chumba ulichorithi Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambacho rangi yake hubanduka kila mwaka hata ukinunua ya bei kubwa, nakujibu kwa yale niliyoyafanya kwa mikono yangu katika nyumba ya bibi yangu, mtaa wa Malindi. Nakuomba usinunue rangi nyingine wala pazia kabla ya kuujua ukuta wako.

Kuta za nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, na nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa kidogo kidogo kwa upepo. Ukifunikwa kwa saruji au rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea, na chumvi iliyomo ndani yake hugeuka fuwele nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Hayo ndiyo malengelenge unayoyaona, na ndiyo sababu ukiyapasua humwagika unga mweupe.

Kwa hiyo tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Kwangu yalitoka kwenye mlizamu uliopasuka juu ya dirisha, na kama ningepaka rangi bila ya kuuziba, ningekuwa nimetupa fedha zangu. Baada ya hapo nilibandua kwa patasi na nyundo ndogo lipu yote ya saruji ambayo fundi mmoja aliipiga miaka ya nyuma. Kazi hiyo ilinichukua siku tisa na vumbi lisilosemeka, nami nakushauri usiifanye kwa haraka, kwa kuwa jiwe la matumbawe ni laini na hubomoka likipigwa kwa nguvu.

Lipu mpya niliichanganya mwenyewe: ndoo moja ya chokaa iliyorowekwa kwa wiki tatu, kwa ndoo tatu za mchanga uliochekechwa. Usitumie mchanga wa pwani, maana utairudisha ile chumvi unayoikimbia. Lowesha ukuta, piga tabaka nyembamba lisilofika sentimita moja, kisha tundika magunia mabichi mbele yake kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa hukazana polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikikaushwa na jua hupasuka. Vaa glavu na miwani, kwani chokaa huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho.

Kupaka ndiko kulikonifurahisha zaidi. Chokaa huzimuliwa mpaka iwe nyepesi kama maziwa, na mkupuo wa kwanza hukatisha tamaa kwa kuwa ukiwa mbichi karibu hauonekani. Asubuhi yake utaukuta ukuta umeanza kung'aa. Mimi nilipaka mikupuo mitano, miwili ya mwisho nikiitia rangi ya unga ya manjano kidogo sana.

Kuhusu samani nitasema machache. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazibebi upana mkubwa, takriban mita tatu tu, basi kochi la kisasa litakuzibia njia. Godoro la chini lenye mito, lililotandikwa juu ya mkeka wa ukindu, linakifaa chumba hicho kuliko seti nzima ya sebuleni. Rafu za kutoboa ukuta nazo ziache, skrubu hazishiki vizuri katika matumbawe.

Badala yake, chunguza kama una zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu, zilizozibwa. Chini ya saruji yangu nilikuta mbili, zimejazwa kokoto. Kabla ya kuzifungua nilikwenda kuomba ruhusa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, nawe ufanye hivyo, kwani mji huu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000 na ukuta haubomolewi kiholela. Kidaka cha kulia kilikuwa na doa jeusi la masizi kwenye upinde wake. Shangazi alipoliona alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kuwa hapo ndipo bibi alipoweka kibatari akisoma Kur'ani alfajiri. Chumba kizima nimekipaka chokaa, ila doa lile sikuligusa, na chini yake nimeweka msahafu wake.