Desktop inazima ovyo: soma kwanza inavyokufa, vifaa vya kununua baadaye

Mkuu wa Nyegezi, hapa Mwanza, nimesoma maelezo yako. Desktop umeiunga mwenyewe kwa vifaa vya mtumba: Ryzen 5 3600, ramu mbili za GB 8 na kadi ya picha ya gemu. Inazima ukiwa kwenye gemu, siku nyingine inazima ukiwa unasoma barua pepe tu. Fundi kakubadilishia ramu, tatizo liko palepale, na sasa kuna wanaokushauri ubadili prosesa. Usinunue chochote kwanza.

Hujasema jambo moja kubwa: ikifa, inaonyesha skrini ya bluu yenye maandishi, au ni giza la ghafla na feni zinasimama? Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs, halafu System, utafute Kernel-Power namba 41. Wengi wakiiona hiyo 41 wanasema pawa saplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta) imekufa. Si kweli. Inachosema ni kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu, basi. Ingia Details usome BugcheckCode, namba ya kosa lililoiangusha Windows. Ukikuta 26, kuna tatizo la kumbukumbu, iwe ramu yenyewe au draiva inayoivuruga. Ukikuta 292, kifaa chenyewe kimeripoti kosa, kaangalie mistari ya WHEA-Logger humohumo kwenye System, ndiyo inayoandika makosa ya vifaa. Ukikuta 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika: ama umeme umekata, ama mashine iliganda ukaizima mwenyewe kwa kitufe.

Yangu, hapa Mabatini, ilikuwa inaandika 0 kila ikizima. Na ilikuwa na saa zake, jioni kuanzia saa moja, mtaa mzima ukiwa unapiga pasi na kuchemsha maji, taa zinafifia. Mchana naiachia kazi nzito ya video, haitikisiki. Nikachomeka multimita, kipimo cha umeme, kwenye soketi: mchana ilikuwa inacheza kwenye volti 230, jioni inashuka mpaka 185. Nikageuza boksi la pawa saplai nisome lebo, imeandikwa 200-240V. Hapo sikuhitaji fundi. Nilitafuta yenye 100-240V na ugomvi ukaisha, ramu ni zilezile na prosesa ni ileile.

Lakini hata soketi ikisoma vizuri, usiiachie pawa saplai ya mtumba kirahisi. Ndani yake kuna kapasita kubwa inayobeba mashine pale umeme unapoyumba kwa muda mfupi sana. Iliyo nzima inahimili kama milisekunde 16 ikiwa imebeba mzigo wake wote. Kapasita ikizeeka muda huo unapungua, kwa hiyo taa ya chumbani inakonyeza tu, kompyuta imeshazima. Hiyo inaweza kueleza kwa nini yako hufa hata kwenye barua pepe. Usiifungue ukachokonoa ndani, hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu kapasita hiyo hukaa na chaji. Azima pawa saplai nzima kwa mtu, uitumie saa zilezile mbaya.

Wa UPS, yale maboksi ya betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, mnisikilize pia. Zile za bei ndogo, zikihamia kwenye betri, hutoa umeme wa ngazi-ngazi, na baadhi ya pawa saplai zenye PFC (saketi inayorekebisha jinsi zinavyovuta umeme) hazipatani nao. Unakuta UPS inalia vizuri na kompyuta imezima papo hapo. Jaribu kuchomeka ukutani moja kwa moja ulinganishe.

Sasa jambo letu la watu wa ziwani. Vile vijidudu vinavyopanda kutoka ziwani kama wingu la moshi hufuata taa, na nyie mnaopenda keisi za taa za rangi na dirisha wazi usiku mnavialika wenyewe. Nimefungua mashine ya jirani anayekaa karibu na maji Kirumba, nikakuta hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa, imezibwa na mizoga na vumbi lililoshikana kwa unyevu, feni inazunguka lakini hewa haipiti. Weka programu ya HWiNFO uangalie joto la prosesa ukiwa kwenye gemu. Kikomo cha 3600 ni nyuzi 95. Ikifika hapo hupunguza kasi kwanza, kwa hiyo gemu kukwamakwama kabla ya kuzima ni dalili ya joto. Ikizima bila kukwama na joto liko 70, achana na feni.

Ramu nimeiweka mwisho kwa sababu umeshabadilisha. Ila ingia bayosi uzime XMP (mpangilio unaoikimbiza ramu kwa kasi zaidi ya ile ya kawaida), hakikisha zimekaa tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha acha MemTest86, programu ya kupima ramu, ikeshe usiku kucha kutoka kwenye flashi. Ikitoa kosa hata moja, pima ramu mojamoja kwenye tundu lilelile.

Tuwekee hapa namba ya BugcheckCode, saa inazozima, na picha ya lebo ya pawa saplai.