Maswali ya Wasomaji: Pikapu ya Dizeli Inayokata Nguvu Mlimani

SWALI: Nina Toyota Hilux D-4D ya mwaka 2008, enjini 2KD ya lita 2.5. Mjini, ikiwa tupu, haina tatizo. Nikipakia kama kilo 700 na kuanza kupanda mlima wa Kitonga, inakata nguvu ghafla. Hata nikikanyaga mafuta mpaka chini inajikokota tu. Taa ya enjini mara inawaka, mara haiwaki. Nikizima nikasubiri dakika kumi, inarudi kama kawaida. Fundi mmoja anasema ninunue pampu, mwingine anasema nozo zote nne zimekufa. Nianzie wapi?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue chochote kwanza. Hizo dakika kumi ndizo zinazotuelekeza. Nozo, yaani vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda, zikifa haziponi kwa kupumzika. Zingekusumbua kila siku: kuwaka kwa shida, moshi, enjini kugonga ikiwa silensa, yaani ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Pampu iliyochakaa nayo ingefanya enjini iwe ngumu kuwaka ikiwa ya moto. Lako ni tatizo linalokuja na mzigo na kuondoka gari likitulia, na mara nyingi la namna hiyo huanzia kwenye njia ya kuvuta dizeli, kabla haijafika kwenye pampu.

Likitokea tena, egesha mahali salama, zima, kisha washa baada ya sekunde ishirini tu. Kama nguvu imerudi yote na inadumu, kompyuta ya gari ndiyo iliyokuwa imebana enjini ili kuilinda, na humo ndani kuna kodi, yaani namba ya kosa, inayosubiri kusomwa. Kama imerudi kidogo ikakata tena baada ya mita chache, na inapona tu ukisubiri dakika kadhaa, kuna kitu kinachohitaji muda ili kiachie. Mara nyingi ni takataka iliyonyonywa ikaziba mdomo wa bomba ndani ya tangi. Enjini ikizimwa mvuto unaisha, takataka inazama chini, na gari linaonekana limepona. Kipande cha nailoni au gundi ya gasketi kinatosha kabisa kufanya hivyo.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Hilux hii haina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu iliyo kwenye enjini, Denso HP3, inajivutia dizeli yenyewe kupitia mabomba, hozi na filta. Kwa hiyo hozi ikipasuka upande huo wa kuvuta, si lazima ivuje, inanyonya upepo. Fundi anatafuta sehemu iliyolowa, haioni, anahamia kwenye pampu.

Anza na kisichogharimu kitu. Gari likikata nguvu, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari likapona, tundu la kupumulia limeziba.

Kisha nenda kwenye filta. Legeza koki iliyo chini yake, kinga dizeli kwenye chupa nyeupe ya kioo, iache dakika kumi. Maji yatakaa chini na dizeli juu, na mstari wa kuyatenga utauona kwa macho. Toa filta, fungua mikunjo ya karatasi: weusi mzito, kutu au ute maana yake tangi lenyewe ni chafu, na filta mpya itakupa nafuu ya wiki chache tu. Angalia na oringi, ile pete ya mpira ya nyumba ya filta. Ikikaa vibaya inaingiza upepo, na tatizo huanza siku ileile filta ilipobadilishwa.

Baada ya hapo funga kipande cha hozi inayoonyesha ndani, iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta, kati ya filta na pampu. Piga pampu kwa mkono kwenye kitufe kilicho juu ya filta mpaka kiwe kigumu, washa, subiri dakika mbili. Viputo vichache mwanzoni ni kawaida. Vikiendelea, au vikiongezeka unapopandisha mzunguko, kuna mahali panaponyonya upepo. Kagua hozi za mpira zilizo juu ya tangi na klipu zake. Mpira wa umri huo hupasuka ndani ya mkunjo, mahali ambapo jicho halifiki bila kuukunja kwa vidole.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni dumu. Chukua dumu safi la lita 20 lenye dizeli iliyochujwa, lifunge imara kwenye bodi, mbali na eksozi. Chomoa hozi ya kuvuta pale inapotoka kwenye tangi, uiunganishe na dumu. Hozi ya kurudisha iache iendelee kumwaga tangini. Pakia mzigo uleule, panda mlima uleule. Gari likipanda bila kukata, pampu na nozo zako ni nzima. Shusha tangi, lioshe, safisha na chujio la mdomo wa bomba. Likikata vilevile, tangi halina kosa. Lakini uwe macho: sehemu kubwa ya dizeli inayovutwa hairudi kwenye dumu bali inakwenda tangini, kwa hiyo dumu litaisha haraka kuliko unavyodhani. Usiliache likauke. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu hii, na ikizunguka kavu inajisaga.

Likikata hata kwa dumu, sasa ndipo mashine ya kompyuta inapohitajika, tena si kwa kusoma kodi peke yake. Kodi P0087 inasema shinikizo la reli (bomba nene linalogawa dizeli kwa nozo) liko chini, haisemi kwa nini. Fundi akae pembeni yako mlimani akitazama namba zikitembea: shinikizo linalotakiwa na shinikizo lililopo. Kwenye silensa ni takriban MPa (megapaskali, kipimo cha shinikizo) 30, na chini ya mzigo hupita 100. Lililopo likibaki nyuma kadiri mlima unavyokaza, dizeli haitoshi. Namba hizo mbili zikienda pamoja lakini shinikizo la turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya enjini, ni dogo, hamia upande wa hewa. Na ikiwa mguu wako uko chini kabisa ilhali mashine inaonyesha pedali imekanyagwa nusu, shida ni sensa ya pedali au waya wake, na hakuna pampu itakayokuponya.

Dizeli ikikosekana huku njia ya kuvuta ni safi, mshukiwa ni vali ndogo ya umeme iliyo mgongoni mwa pampu, inayopima dizeli ya kuingia. Mafundi huiita SCV. Ikianza kunata, silensa hupanda na kushuka, na wakati mwingine enjini huzima ukiachia mafuta. Inashikwa na bolti mbili na ina plagi ya waya mbili. Osha eneo lote kabla ya kuifungua, maana chembe moja ya mchanga ikiingia humo ni hasara kubwa. Paka oringi dizeli safi, kaza sawasawa, halafu kompyuta ifundishwe upya pampu kwa mashine ya kupimia. Hapa nunua kifaa halisi. Cha bandia kinakurudisha mlimani ukiwa na tatizo lilelile.

Nozo ziwe za mwisho. Gari likiwa la moto kwenye silensa, tazama kwenye mashine namba ya masahihisho ya dizeli ya kila silinda. Inapaswa kuwa kati ya -3 na +3. Inayozidi hapo inastahili kupelekwa kwenye benchi, hiyo peke yake, si zote nne. Pima pia oili kwa kijiti. Ikiwa imepanda na inanuka dizeli, acha kuendesha gari hilo mpaka uvujaji upatikane.

Na onyo kwa fundi wako: asilegeze bomba lolote la shinikizo kubwa enjini ikiwa inaunguruma. Dizeli yenye shinikizo hilo hupenya ngozi, na jeraha la namna hiyo ni la kukimbizwa hospitali hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano.

SWALI: Yangu ni Hilux ya lita 3.0. Nikipanda inatoa moshi mweusi, nguvu inapungua, na nasikia mluzi.
Msomaji, Mbeya

JIBU: Moshi mweusi maana yake dizeli ipo, hewa ndiyo haitoshi. Mluzi unatupeleka kwenye hozi kati ya turbo, intakula (kipoza hewa) na enjini. Hewa inapimwa mwanzoni, dizeli inamwagwa kulingana nayo, kisha hewa inavujia njiani. Ufa huo hufunguka shinikizo likipanda tu, ndiyo maana gari likiwa limesimama huuoni. Tafuta alama ya oili mbichi kwenye maungio, ondoa hozi uikunje kwa mkono. Hozi zikiwa nzima, toa vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi wa eksozi kwenye enjini: masizi huizuia isifunge, na moshi wa eksozi unachukua nafasi ya hewa safi. Turbo iwe ya mwisho kushukiwa.

SWALI: Filta ya dizeli nibadilishe kila kilomita ngapi? Na niijaze dizeli kabla ya kuifunga?
Msomaji, Songea

JIBU: Kama unanunua dizeli ya madumu, kilomita 10,000 usivuke, na maji yamwage kila mwezi. Usiijaze kwa kumimina: dizeli isiyochujwa ikiingia upande wa ndani inakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Funga filta kavu, piga pampu kwa mkono mpaka kitufe kiwe kigumu, ndipo uwashe.