Njia za shaba zinatoka na vitobo: shida iko kwenye filamu

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Nkuhungu, Dodoma. Natengeneza kidhibiti cha pampu ya umwagiliaji wa matone kwa shamba la zabibu la mjomba kule Hombolo. Mchoro wa saketi nimeuchora kwenye KiCad (programu ya kuchorea bodi za saketi), nikauchapa steshenari kwenye transparensi (filamu angavu ya plastiki) kwa printa ya leza, nikaulaza juu ya bodi iliyopakwa dawa ya mwanga, nikaweka kioo na kuanika juani. Nimeshaharibu bodi tatu. Njia za shaba zina vitobo kama zimeliwa na mchwa, zile nyembamba zimekatika, na IC (chipu) ya miguu 40 haiingii kwenye matundu yake. Jua la huku ndilo kali mno, au kostiki yangu ninayosafishia dawa?

JIBU: Marahaba, kijana. Jua na kostiki viache kwanza. Chukua ile filamu uliyochapa, iinue dirishani mchana (usilenge jua lenyewe), fumba jicho moja na uisogeze karibu. Utaona nyota. Pale ulipodhani ni peusi tii pamejaa vitundu, hasa katikati ya maeneo mapana, kwa sababu printa ya leza hubandika unga (tona) mzito pembeni na mwepesi katikati.

Bodi yako ni ya aina ambayo dawa ikipigwa na mwanga inalainika, inaondoka kwenye maji ya kostiki, na shaba ya chini yake inabaki uchi na kuliwa unapoondoa shaba isiyotakiwa. Kwa hiyo kila nyota ya kwenye filamu ni kitobo kwenye shaba. Ingekuwa vumbi, na kiangazi hapa Dodoma vumbi halibishi hodi, ungeona kinyume chake: vipele vya shaba vimebaki mahali pasipotakiwa. Tofauti hiyo ikariri, itakuokoa bodi nyingi.

Tiba ya vitobo ni filamu mbili. Chapa mchoro uleule mara mbili, printa ileile, karatasi zote zikiingia kwa upande uleule, maana joto la printa huinyoosha au kuisinyaza filamu kidogo na unataka zote mbili zikosee sawasawa. Zipachike moja juu ya nyingine dirishani, linganisha pedi (viduara vya kuchomelea miguu) za pembe zote nne, kisha zibane kwa selotepu upande mmoja tu kama kurasa za daftari. Nyota za filamu ya juu ni nadra kuangukia za chini. Kabla ya kuchapa mwambie kijana wa steshenari azime hali ya kuokoa tona na apandishe weusi hadi mwisho. Kama katriji yake imeshajazwa upya mara nyingi na inatoa kijivu, nenda duka la pili, usibembelezane naye.

Sasa zile njia nyembamba. Nakisia uliilaza filamu unga ukiwa juu. Filamu ina unene wa kama milimita 0.1, na mwanga wa anga hauji kutoka juu tu. Unaingia kwa ubavu, unapenya chini ya mstari na kuula kutoka pande zote mbili. Unga lazima uguse shaba. Ili usibahatishe kuhusu kugeuza mchoro, andika jina lako kwenye tabaka la shaba ya chini ndani ya KiCad (lenyewe litaonekana limegeuka, ni sawa). Ukiilaza filamu unga ukiwa chini na jina likasomeka vizuri, endelea. Likisomeka kinyume, rudi ukachape upya. Kioo kibane kwa klipu pande zote.

IC kutoingia ni kosa la steshenari peke yake. Printa imeambiwa itoshelezee mchoro kwenye ukurasa. Miguu 20 ya upande mmoja, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, ni milimita 48.26. Ikichapwa kwa asilimia 97 inakuwa 46.8, na hapo mguu wa mwisho umehama zaidi ya nusu ya nafasi kati ya mguu na mguu. Chapa kwa asilimia 100, ukiwa umeweka mstari wa milimita 100 pembeni, na uupime kwa rula hapohapo kaunta kabla hujalipa.

Halafu hakikisha transparensi ni ile ya leza. Plastiki angavu ya kufungia ripoti inafanana nayo sana. Mimi niliwahi kumpa jamaa mmoja mwenye steshenari ile plastiki. Ilijiviringisha kwenye rola ya moto na kuyeyukia mle mle. Nililipa rola. Ukikosa transparensi, karatasi ya tresi ya wachora ramani inafaa, tena inashika unga vizuri kuliko plastiki, ila inakula mwanga, hivyo ongeza muda.

Muda wenyewe sikutajii, kwa sababu bodi hutofautiana na wingu moja linavuruga hesabu. Kata kipande cha bodi, kiwekee filamu na kioo, kifunike kwa kadi ngumu, isogeze kadi kidogo kila sekunde 30, kisha kisafishe kipande kwenye maji ya kostiki kama picha za zamani. Sehemu ya kwanza ambayo dawa imeondoka yote bila njia kuguswa ndiyo muda wako, kwa saa ileile ya siku na kioo kilekile.

Kostiki, ile ya wapika sabuni, gramu 7 hadi 10 kwa lita moja ya maji zinatosha. Weka kostiki kwenye maji, usifanye kinyume, vaa miwani na glavu, na tumia beseni la plastiki. Sufuria ya alumini italiwa na kutoa gesi inayowaka.

Vitobo vikirudi hata kwa filamu mbili, nitumie picha. Ya filamu ikiwa dirishani, siyo ya bodi.