Kwa wahudumu wapya mnaoripoti zahanati za Rungwe: kiharusi na kadi ya bima

Karibuni, wadogo zangu, na sweta msisahau.

Kwenye semina mtaisikia sana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inayomtaka kila mkazi awe na bima. Wengi huiona ni kazi ya wahasibu. Mimi naona inamhusu kwanza anayepima presha, maana mgonjwa wa kiharusi hacheleweshwi na barabara peke yake. Anacheleweshwa na kikao cha ndugu kuamua nani atoe hela.

Kwa hiyo siku ya kliniki ya presha ndiyo siku ya kuulizia kadi. Mama aliyefuata amlodipini, dawa ya presha, muulize kabla hajanyanyuka: kadi ipo? Inaisha lini? Nani mwingine nyumbani yumo? Presha ya 140 kwa 90 haiumi, ndiyo maana watu huacha dawa kichwa kikitulia. Aliyeacha usimgombeze, pengine zilimwishia na hela hana.

Akiletwa mtu mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki, maneno hayaeleweki, uliza: mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi? Siyo mlimkuta hivi saa ngapi. Kama ameamka hivyo, andika saa aliyokwenda kulala. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho, tena baada ya CT scan, picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kuwa mshipa haukupasuka. Ukiandika "asubuhi" kwenye fomu ya rufaa, daktari wa Mbeya mjini hana pa kuanzia.

Pima sukari hapo hapo, maana ikishuka sana huiga kiharusi. Aspirini isubiri CT scan. Uji na maji pia asipewe, koo likilegea vinaingia kwenye mapafu. Bibi atakuja na kikombe cha chai, na kumzuia bibi wa Kinyakyusa kunahitaji adabu kuliko ujuzi.

Utaambiwa pia karogwa. Usibishane. "Baba, hayo mtayazungumza baadaye, sasa tutafute gari."

Gari likiondoka, piga simu linakokwenda, taja saa uliyoandika. Kabla ya hapo hakikisha anayemsindikiza anayo kadi mkononi. Mara nyingi imefungiwa sandukuni, na mwenye ufunguo ndiye aliyelala kwenye machela.