Ukienda mji mdogo Japan, saa yako iache nyumbani ufuate ya kwao

Juzi mdogo wangu mmoja anayenisoma humu kaniandikia inboksi: "Dada, nimepata kozi Japan, nina wikiendi tatu ziko wazi, niende Kyoto au wapi?" Nikaanza kumjibu kwa voisi, ya kwanza dakika nne, ya pili dakika sita, ya tatu nikaifuta mwenyewe maana nilishaanza kulalamika mambo ya 2018 ambayo yeye hayamhusu. Nikaona bora niandike hapa, najua wengi wenu mnatamani safari kama hizi na siku moja zitawaangukia.

Jibu langu: nenda Tono. Kyoto itakuwepo tu.

Tono iko mkoa wa Iwate, kaskazini mashariki mwa Honshu, kile kisiwa kikubwa. Kwenye karatasi ni mji kamili una meya na kila kitu, ila watu hawafiki elfu thelathini na wanapungua kila mwaka, vijana wanakimbilia Tokyo, wamebaki wazee na mpunga na milima imezunguka pande zote. Wajapani wenyewe wanaujua kwa hadithi. Mwaka 1910 msomi mmoja, Yanagita Kunio, alitoa kitabu cha simulizi 119 alizosimuliwa na kijana wa hukohuko, Sasaki Kizen, za mizimwi na majini na watu waliopotelea milimani, na mpaka leo mji unakula kupitia kitabu hicho.

Sasa mimi nilikuwa Sendai, mji mkubwa ulio kusini mwa Iwate, kwa kozi ya wiki sita. Tulipanga kwenda wawili, mimi na shoga yangu mmoja Mtanzania mwenzangu, jina naliweka kapuni kwa sababu bado tuko grupu moja la harusi. Mwenzetu wa ofisi, Mjapani, akatupigia simu kwenye minshuku, hizi ni nyumba za watu wanaolaza wageni na kuwapikia, akatuwekea chumba cha wawili na chakula cha wawili. Asubuhi ya safari nimesimama stesheni ya Sendai namsubiri, treni ya kwanza ikaondoka, namwandikia hajibu, mwishowe ananijibu "mwaya mi siendi, mashamba ya mpunga nimeyaacha Kyela." Hivyo tu! Miaka imepita na bado nikiikumbuka meseji ile moyo unaniwaka kidogo.

Nikaenda mwenyewe. Shinkansen, ile treni ya mwendokasi, mpaka Shin-Hanamaki ni kama saa moja, hapo unabadilisha unaingia reli ya Kamaishi, katreni ka dizeli ka behewa moja au mawili. Na kwa kuwa nilishachelewa Sendai, ya kwenda Tono nikaikuta imeondoka, inayofuata karibu saa mbili mbele. Hapa ndipo wengi tunakosea, tunadhani Japan yote treni ni kila dakika tano. Kadi ya treni niliyokuwa naigusisha Sendai kwa mbwembwe huku haina kazi, unanunua tiketi ya karatasi, na kwenye behewa niko mimi na bibi wawili na mwanafunzi kalala. Kitu kilichonichangamsha, stesheni za reli hii zina majina ya utani ya Kiesperanto, ile lugha ya kutungwa, kwa heshima ya mshairi Miyazawa Kenji aliyezaliwa Hanamaki na aliyeipenda lugha hiyo. Ya Tono inaitwa Folkloro, yaani simulizi za jadi. Nilifika saa saba mchana badala ya saa nne asubuhi.

Makubaliano yalikuwa mzee mwenye minshuku aje kutuchukua stesheni saa kumi na moja jioni. Kumbukeni hiyo saa.

Nikakodi baiskeli hapohapo mbele ya stesheni, nikatoka nje ya mji kama kilomita sita hivi mpaka hekalu la Jokenji. Nyuma yake kuna kijito kidogo maji meusi chini ya miti, panaitwa Kappabuchi. Kappa ni nini? Kwa mtu wa Tanga kama mimi sikuhitaji kuelezwa mara mbili: ni chunusi, lile zimwi la majini. Anakaa majini, anavuta watoto na farasi, tofauti kichwani ana kisahani cha maji, kikikauka nguvu zinamwisha, na anapenda matango kupita maelezo. Kwingine Japan wanamchora kijani, wa Tono ni mwekundu. Na wanasema hekalu lilipowaka moto kappa ndiye aliyelizima kwa maji ya kichwani mwake, ndiyo maana wale simba wa mawe pale wana shimo utosini na watu wanaweka sarafu.

Halafu wanauza leseni ya kuvua kappa! Sitanii. Kikadi kabisa kutoka kwa watu wa utalii, na masharti nyuma: umkamate bila kumjeruhi, usitumie kitu cha chuma, chambo kiwe mboga mbichi. Nilinunua, nikakaa na fimbo yenye tango juu ya maji nikimkumbuka bibi yangu aliyekuwa anatukataza kuoga baharini mchana wa jua kali. Kwetu ukimtaja chunusi watu wanashusha sauti, hawa wamempa tango na kadi na watalii wanakuja. Sijui kipi bora ila nilicheka mwenyewe kama chizi.

Karibu na hapo kuna Denshoen, sehemu ya nyumba za zamani. Ingieni. Kuna magariya, nyumba yenye umbo la kona, upande mmoja watu upande mwingine farasi, chini ya paa moja, maana baridi ya kule si mchezo. Na kuna kichumba kina sanamu za mti za Oshirasama, mungu wao wa nyumbani, kama elfu moja, zimevalishwa vitambaa vya rangi, watu wameandika maombi yao juu yake. Hadithi yake: binti mkulima alimpenda farasi wao mpaka wakawa mke na mume, baba akajua, akamtundika farasi kwenye mforsadi, binti akamkumbatia analia, baba kwa hasira akakata kichwa cha farasi, na binti akapaa nacho mbinguni. Nilisimama mle ndani peke yangu sijui muda gani. Vitambaa vile jinsi vilivyopangwa ni kama duka la kanga.

Kutoka nje giza.

Mwisho wa mwezi wa kumi kule, saa kumi na moja jua limeshazama, siyo kama kwetu saa kumi na mbili na nusu bado watoto wanacheza mpira. Simu yangu inashika waifai tu, barabara haina taa, pembeni mpunga uliovunwa umetundikwa kwenye miti unaonekana kama watu wamesimama. Na kuna vibao vya kuonya dubu. Dubu kwa Kijapani anaitwa neno ambalo siwezi kuliandika hapa, wanaojua wanajua, na asubuhi yake mama mwenye nyumba alilirudia kama mara saba akinionya na mimi nakaza uso nisicheke. Ila jioni ile sikucheka. Nilipiga pedali huku nasali.

Nafika stesheni saa kumi na mbili na dakika kumi, nakuta watu watatu wamesimama wananitazama njia. Wa kwanza kijana wa baiskeli, alitakiwa kufunga kitambo. Wa pili mzee wangu na kigari chake cheupe kidogo cha mizigo, amesimama kwenye baridi zaidi ya saa nzima. Wa tatu polisi. Kituo cha polisi pale stesheni kimejengwa kwa sura ya kappa, kina macho na mdomo, na afande ametokea humo kunitafuta mimi! Hakuna aliyenifokea hata mmoja. Waliinama, wakasema nafuu umefika. Ningependa wangenifokea.

Nyumbani mama, tunamwita Okaasan, alikuwa ameshaandaa meza. Vyakula viwili. Samaki wawili wa kuchoma, bakuli mbili za hittsumi, supu ya vipande vya unga wa ngano, vibakuli vidogo vidogo sijui kumi, kila kimoja kina pacha wake. Mimi sikuwa nimempigia mtu kusema tuko mmoja. Akaangalia nyuma yangu, akauliza kwa ishara, mwenzio? Nikasema mgonjwa. Nimemwongopea mama wa watu mezani kwake. Nikala changu, nikaanza na cha shoga yangu kwa aibu mpaka tumbo likagoma. Mzee akaleta doburoku, pombe nyeupe nzito ya mchele, kama komoni ukifumba macho. Japan kujipikia pombe ni kosa, ila Tono ilikuwa ya kwanza kupewa ruhusa maalumu, mwaka 2003, wakulima wenye nyumba za wageni wapike na wauze. Hebu fikirini gongo ipewe kibali.

Asubuhi nikataka kulipia wawili, wakakataa, nikaacha hela chini ya bakuli, mama akanikimbilia nayo mpaka kwenye gari.

Sasa nyie mnaokwenda, sikilizeni. Andika saa za treni kwenye karatasi, ya kwenda na ya kurudi. Umeambiwa saa kumi na moja, fika kumi na nusu. Beba keshi, mashine za posta ndizo zilizokubali kadi yangu na zenyewe zina saa ya kufunga. Mkipungua idadi piga simu kabla mama hajaenda sokoni, na kama huna Kijapani muombe mtu akupigie, usijifanye mgonjwa. Na chakula ni saa kumi na mbili jioni. Saa, jamani, saa! Sisi tumezoea mgeni ni wa kusubiriwa, tunafika shughulini saa tatu iliyoandikwa saa moja na bado tunauliza pilau iko wapi, halafu tunashangaa kwa nini tukialikwa mara moja hatualikwi tena. Badilikeni. Nasema badilikeni kwa sababu mimi nimebadilika. Shoga yangu siku hiyo aliposti picha yupo mjini na kikombe cha kahawa, laiki mia mbili. Sawa.

Mdogo wangu uliuliza pia ubebe zawadi gani. Beba kanga, nyepesi na wanaipenda, ila soma maandishi kabla hujaifunga. Mimi nilichukua tu ya juu kwenye begi, nikampa Okaasan kwa mikono miwili, akaitandaza sakafuni, akaweka kidole kwenye maandishi akaniuliza imeandikwa nini. Imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nyuma yake mzee anapenga kamasi tangu asubuhi kwa baridi ya jana. Nikamwambia imeandikwa asante.