Jibu: Nitajuaje kama kigoda ni cha mpingo kweli?

Mkuu, umesema muuzaji anaapa kigoda ni mpingo mtupu, nawe unahisi kimepakwa kiwi ya viatu. Kinyanyue kwanza. Mpingo ni mzito, kipande chake kikavu ukikitia kwenye ndoo ya maji kinazama. Kikielea, umepigwa. Kisha kigeuze uangalie chini, ambako fundi hakupiga msasa sana: weusi wa mpingo umo ndani ya kiini, una hudhurungi au zambarau kwa mbali. Mafundi wengine huacha ukanda mweupe wa pembeni, na hiyo ni dalili nzuri. Mwisho, sugua na kitambaa chenye mafuta ya taa: weusi ukihamia kitambaani, ni rangi ya kupaka. (Mimi niliwahi kununua bakora, mvua moja tu kiganja kikawa cheusi.)

Bei nayo ikushtue. Magogo ya Kilwa hugombaniwa na watengenezaji wa Ulaya wa klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza, kwa kuwa mti huu unakerezeka laini na haunyonyi unyevu kirahisi. Tena mpingo hukua polepole, mara nyingi umepinda, na wa kunenepa ni nadra. Kigoda kipana cha kipande kimoja kwa bei ya chee? Hapana.